Kwa Nini Hawakumfunga Mzee ole Kasaine

Siku tulipompindua Mzee ole Kasaine nilivaa viatu vipya. Nilidhani mapinduzi yanahitaji viatu. Nasema "tulipompindua" kwa sababu kila mtu wa Kisaju husema hivyo siku hizi, hata wale waliopanga foleni nyuma yake. Mimi sikuwa na haki ya kupiga kura. Nilikuwa taipisti wa ofisi tu, Naliaka wa kutoka Kimilili, mke wa mwalimu, mpangaji wa vyumba viwili Kitengela. Lakini nilikuwepo, na viatu viliniuma kutwa nzima.

Ilikuwa Februari mwaka wa 1999. Ranchi ile iliitwa Naserian, jina linalohusu amani kwa Kimaa, na aliyeipa jina hilo bila shaka hakuwahi kuhudhuria mkutano wake hata mmoja. Familia mia tatu na zaidi ziliimiliki kwa pamoja, kuanzia barabara ya Namanga hadi kule kwenye makorongo, na kwa miaka ishirini na miwili mwenyekiti alikuwa ni yule yule. Watu walimwita Mfalme. Yeye mwenyewe alilikataa jina hilo kwa unyenyekevu mkubwa, na kumnunia yeyote aliyelisahau.

Siku hiyo wanachama walipanga mistari miwili mbele ya ofisi. Mstari wa Mzee ulikuwa na watu tisini na saba. Mstari wa Emmanuel, kijana wa miaka thelathini na nne aliyesomea mambo ya ardhi Nairobi na kurudi na shati jeupe na hasira, ulikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne. Mzee aliangalia mstari wake, akaangalia ule mwingine, kama mtu anayewatafuta ng'ombe wake katika kundi la jirani. Kisha akachukua fimbo yake, akaingia kwenye pikapu yake ya Pijo, akaenda zake.

"Kesho tunampeleka Kajiado na pingu!" Emmanuel akatangaza. Watu wakapiga kelele mpaka mbwa wa sokoni wakakimbia.

Vita vyenyewe vilikuwa vya majina. Miaka mitatu nyuma, ilikubaliwa kwamba ranchi igawanywe, kila mwanachama apate shamba lake na hatimiliki yake. Ili kugawa, lazima pawe na orodha safi ya wanachama, na orodha hiyo niliipiga chapa mimi. Mzee hakujua kusoma. Katibu wake, Lesiamon, alikaa mbele yangu akisoma daftari la zamani, jina baada ya jina. Mzee alisimama nyuma yangu, akinukia tumbaku. Lesiamon alipofika kwenye jina la mtu aliyekufa na kuacha mjane, alisita kidogo. Na Mzee akasema, "Ruka."

Nikaruka. Mara kumi na moja. Mahali pa wajane hao wakaingia shemeji wawili wa Mzee, marafiki kadhaa wa Nairobi, na diwani mmoja ambaye sikuwahi kumwona na ng'ombe hata kwenye picha.

Mtoto wangu Melvin alikuwa anaanza nasari na nilihitaji kazi. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Nimeitafutia nyingine nzuri zaidi kwa miaka mingi na sijapata.

Mmoja wa wajane hao aliitwa Kakenya. Mumewe alifariki mwaka wa 1991 akamwachia watoto wanne na boma karibu na barabara, mahali ambapo kila mtu mwenye gari alipaona pazuri mno kwa mjane kuishi. Kakenya alipogundua jina lake halipo, hakulia wala hakwenda kwa wakili. Alitembea kutoka boma hadi boma kwa mwaka mzima, akiongea na wanawake, na wanawake wakaongea na waume zao. Mstari wa Emmanuel ulijazwa na Kakenya. Emmanuel aliamini ulijazwa na hotuba zake, na hakuna aliyetaka kumharibia furaha.

Basi tukashinda. Jumatatu wapimaji ardhi walifika na vyombo vyao vya miguu mitatu. Kwenye jiwe la kwanza la mpaka walikuta wazee sita wamekaa chini.

"Kasaine amesema mpaka unapita wapi?" mmoja akauliza.

"Kasaine si mwenyekiti tena," Emmanuel akamwambia. "Mlipiga kura nyinyi wenyewe."

"Tunajua. Tulipiga. Tunauliza amesema unapita wapi."

Wapimaji wakarudi walikotoka. Ranchi jirani ya upande wa kusini nayo ikatuma ujumbe: mwenyekiti wao alikubaliana mpaka na ole Kasaine mwaka wa ukame mkubwa, wakashikana mikono, na hatazungumza habari hiyo na watoto. Msajili wa Kajiado akataka sahihi ya viongozi waliotoka. Mwenye kutunza kisima cha ranchi akasema pampu ina tabia zake, na anayezijua ni Mzee. Kiti kilikuwa chetu, ofisi yetu, muhuri wetu. Tulichokosa ni ranchi tu.

Kufikia wiki ya tatu, Emmanuel alikuwa ameacha kutaja pingu.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwetu Kitengela. Alisema anapita tu, lakini alikaa kama mtu ambaye hana pa kwenda. Mume wangu, mwalimu Amolo, alikuwa mezani akisahihisha mitihani ya historia ya fomu tatu, akitikisa kichwa kwa huzuni ambayo walimu huipenda.

"Swali hili wameanguka wote," Amolo akasema. "Nimeuliza, kwa nini Wamarekani hawakumwadhibu mfalme wa Japani baada ya Vita vya Pili? Mmoja ameandika, 'Kwa sababu alikuwa mzee.' Huyu mwingine ameandika, 'Kwa sababu Mungu ni mwema.'"

Emmanuel akacheka, kisha akaacha. "Kwani walimwacha? Si vita ilipiganwa kwa jina lake?"

Mume wangu ukimuuliza swali la historia, ujue chai yako itapoa. Aliweka kalamu chini.

"Fikiria wewe ndiye yule jenerali wa Marekani. Umeshinda. Uko na nchi ya watu milioni sabini na kitu, lugha yao huijui, barabara zao huzijui. Na kuna mtu mmoja ambaye ameongea mara moja tu kwa redio, na mamilioni ya askari wakaweka bunduki chini. Mtu kama huyo unamnyonga wa nini? Ukimnyonga, itabidi uongee na kila askari peke yake."

"Lakini watu walikuwa wanataka haki."

"Wakapewa. Walipewa majenerali na waziri mkuu, na hao wakanyongwa. Watu wakitaka mtu anyongwe, lazima umtafute mtu. Si lazima awe yule mwenyewe."

"Na mfalme akafanyiwa nini?"

"Akatangaza kwamba yeye si mungu. Tena akapigwa picha na jenerali. Jenerali amesimama hivi, mikono kiunoni, hana hata tai, na mfalme kando yake amevaa kama anaenda harusi. Nchi yote ikaona nani ni mrefu. Baada ya hapo akaishi zaidi ya miaka arobaini, akichunguza viumbe wa baharini."

"Na wale waliokufa kwa jina lake," nikauliza nikiwa mlangoni na birika, "wao waliambiwa nini?"

"Mama Melvin," Amolo akanijibu, "hiyo haiko kwa silabasi."

Emmanuel hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ametoa karatasi mfukoni. "Mwalimu," akasema, "hebu rudia hapo kwa majenerali."

Jumanne alikwenda kwa Mzee na sukari kilo kumi, blanketi jipya na tumbaku. Sijui walisemezana nini, lakini alirudi na habari njema. Mzee ole Kasaine angekuwa mlezi wa ranchi, cheo ambacho hakikuwepo Jumatatu. Angebaki na Pijo yake, na boma lake, na heshima zake zote. Angeketi mbele kwenye kila mkutano. Kazi yake ingekuwa ni kuonekana, na mara moja moja kusema maneno ambayo angepewa.

Mpiga picha aliletwa kutoka Kitengela. Emmanuel alivaa shati bila tai. Mzee aliombwa avae suti yake ya sikukuu za serikali, ya zamani, yenye kola pana kama masikio ya punda. Picha ilikuja kubwa, ndani ya fremu, na mimi ndiye niliyeambiwa nipigilie msumari. Niliwaza kumwambia mume wangu kwamba kuna mwanafunzi mmoja Kisaju ambaye amepata alama zote.

Ijumaa Lesiamon akakamatwa.

Huyu Lesiamon alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na miwili, mzee wa kanisa, mtu aliyekata kucha zake ofisini na kuziokota zote moja moja. Walimkuta sokoni ananunua viazi. Kosa lilikuwa kughushi orodha ya wanachama. Akapelekwa rumande Kajiado, na wale waliokuwa wakimwita rafiki wakagundua, wote kwa pamoja, kwamba wana shughuli nyingi msimu huo.

Emmanuel akaja kwenye meza yangu. "Tunahitaji taarifa yako. Andika tu kwamba Lesiamon ndiye alikuwa anasoma majina."

"Ni kweli alikuwa anasoma."

"Basi. Si umeona? Sikuambii udanganye. Andika ukweli."

"Na Mzee alikuwa anasema 'ruka'."

Akakuna kidevu. "Hiyo si lazima. Mzee alikuwa nyuma yako, si ndiyo? Ulikuwa umempa mgongo. Uliona mdomo wake?"

"Nilisikia sauti."

"Sauti, Mama Melvin. Kortini watakuuliza kama uliona." Akatabasamu kwa upole kabisa. "Na ujue tunafikiria kuongeza wafanyakazi hapa. Au kupunguza."

Niliipiga chapa taarifa ile. Ilikuwa na sentensi nne, na zote zilikuwa za kweli, na nilipozisoma pamoja zilikuwa uongo mtupu. Nikamwambia nitaweka sahihi Jumatatu, kichwa kinaniuma. Kisha nikatoka ofisini saa nane mchana na kutembea hadi boma la Kakenya.

Nilimkuta anakandika ukuta wa nyumba yake kwa mavi ya ng'ombe, mikono imetapakaa hadi kwenye viwiko. Nilimweleza yote: Emmanuel, sukari, picha, Lesiamon, taarifa. Halafu nikamweleza lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba orodha ile niliipiga mimi, na kila nilipoambiwa ruka niliruka.

Hakuacha kukandika. "Hata jina langu?"

"Hata lako. Lilikuwa la nne."

"Miaka hii yote nilikuwa nafikiria labda ni mashine iliharibika," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Nilisimama pale jua likinichoma mpaka akamaliza ukuta wote na kunawa.

"Twende Kajiado," nikamwambia. "Nitasema kila kitu mbele ya hakimu. Lesiamon atatoka, na Mzee ataingia."

"Akishaingia?"

"Haki itakuwa imepatikana."

"Wewe mama wa kusoma, hebu niambie. Kasaine akiwa jela, nani atakuja kusimama hapa mbele ya wazee aseme hii boma ni ya Kakenya? Emmanuel? Juzi wapimaji wamefukuzwa na Emmanuel mwenyewe akiwa pale. Wale wazee watakaa chini juu ya mawe mpaka wafe, na mimi nitakuwa na haki bila shamba." Akajifuta mikono kwenye shuka. "Sitaki Kasaine afungwe. Nataka aongee."

"Kwa hivyo na wewe pia unamsamehe?"

"Nani amesema kusamehe? Nimesema niko na kazi na yeye."

Tukaenda. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kigoda, blanketi jipya likiwa limekunjwa kando, halijaguswa. Kakenya aliinamisha kichwa kama desturi ilivyo, na Mzee akamgusa utosini, kama desturi ilivyo. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani ni baba na binti.

"Kesho kuna mkutano," Mzee akasema, kabla hata hatujamwambia tulichojia. "Huyu mtoto ameniletea maneno ya kusema. Nimesomewa mara tatu ili niyashike." Akafumba macho, akayasema kwa sauti ya mtu anayetoa dawa chungu mdomoni. "'Mimi ni mzee nisiyejua kusoma. Niliweka kidole mahali nilipoonyeshwa. Lesiamon alinidanganya.'" Akafumbua macho. "Wanataka niseme nilikuwa mjinga."

"Na ulikuwa nini?" Kakenya akauliza.

Hakuna mwanamke wa Naserian aliyewahi kumwuliza mtu yule swali la namna ile. Kuku mmoja alipita kati yetu na kuondoka.

"Nilichukua shamba yako nikijua ni yako," akasema mwishowe. "Nilijiambia utaolewa kwingine. Hukuolewa. Nilikuwa mwizi. Mjinga sijawahi kuwa."

"Basi waambie hivyo."

"Wataniweka ndani."

"Hawawezi, Mzee," nikasema. "Wakikufunga, wapimaji watarudi Kajiado na vyuma vyao. Jirani hatakubali mpaka. Wamekuacha kwa sababu neno lako linasikika. Hawawezi kulitaka Ijumaa na kulikataa Jumamosi."

Akageuka kuniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. "Nani amewafundisha watu hii maneno?"

"Bwana yangu. Anafundisha fomu tatu."

Mzee akacheka, kicheko kifupi kikavu. Kakenya hakucheka. "Yale majina utayakumbuka?" akamwuliza. "Kuna mengine hata sisi wenyewe hatuyajui yote."

Mzee akayataja. Yote kumi na moja, jina la marehemu na la mjane wake, kwa mpangilio ule ule wa daftari, bila kusita mahali popote. Lesiamon alisita siku ile akisoma, mimi nilisita nikipiga chapa, huyu hakusita. Alikuwa amewabeba kichwani miaka mitatu, kila mmoja mahali pake. Sikujua kama hilo linamfanya awe mtu bora au mbaya zaidi, na bado sijui.

Jumamosi uwanja ulijaa. Ofisa wa tarafa alikuwepo, chini ya hema, na soda yake. Emmanuel alizungumza kwanza, kuhusu mwanzo mpya na umoja, kisha akamkaribisha mlezi wetu mpendwa awaambie wananchi ukweli wote. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Ukweli wote.

Mzee alisimama na suti yake ile ya kola. Alizungumza Kimaa polepole, na miaka sita ofisini ilikuwa imenifundisha Kimaa cha kutosha.

"Nimeambiwa niseme Lesiamon alinidanganya," akaanza. "Lesiamon alisoma majina yote. Hakuacha hata moja. Aliyesema ruka ni mimi."

Uwanja ukanyamaza kiasi kwamba nilisikia ofisa wa tarafa akimeza soda.

"Sasa nitawaita wale niliowaruka. Kila ninayemwita asimame, na nyinyi wazee muangalie vizuri, kwa sababu wapimaji watakapokuja nitawaonyesha kwa fimbo yangu, na sitaki mtu aniulize mara ya pili."

Akawaita. Mmoja mmoja wakasimama, mwingine akiwa na mtoto mgongoni, mwingine akishikwa mkono kwa sababu macho yake yalikuwa yameisha. Jina la tisa halikusimama. Mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Mzee alingoja. Msichana mmoja kule nyuma akasimama badala ya mama yake, na Mzee akaendelea.

Kakenya alisimama wa nne. Hakuangalia mtu. Aliangalia moja kwa moja mbele yake.

Nilimwangalia Emmanuel. Uso wake ulipita mahali pengi kwa muda mfupi. Halafu, na hapa lazima nimpe sifa zake, akawa wa kwanza kupiga makofi. Alisimama, akachukua kipaza sauti, akasema kwamba hii ndiyo sababu kamati mpya ilimweka Mzee kama mlezi, ili ukweli utoke kwa amani, bila kelele za kortini. Kamati ilijua tangu mwanzo. Watu wakashangilia kamati. Mtu wa namna hiyo lazima angefika mbali, na alifika.

Wapimaji walirudi wiki iliyofuata. Mzee alitembea mbele yao jiwe hadi jiwe, akinyoosha fimbo, na wale wazee sita wakamfuata wakitikisa vichwa kana kwamba wao hawakuwahi kukaa chini mahali popote. Tisa kati ya kumi na moja walipata mashamba yao. Wawili waliambiwa kwamba yule diwani tayari ameweka ua, na ua ni jambo zito, kwa hiyo wakapewa kule kwenye makorongo, mahali ambapo hata mbuzi hutembea kwa uangalifu. Kakenya alipata boma lake la barabarani. Siku ya kuweka jiwe la mwisho alimpikia kila mtu chai isipokuwa mimi. Niliomba kikombe nikapewa cha maziwa matupu, bila majani wala sukari, na nikashukuru.

Lesiamon alikaa rumande wiki tano zaidi, maana karatasi ya kumwachilia ilikuwa na safari zake. Alitoka amekonda, meno mawili hayapo, na alipokwenda ofisini alikuta kiti chake kina mtu. Hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemkosea. Kila mtu alikuwa amefuata utaratibu.

Na Mzee? Mzee akawa mkubwa kuliko alivyokuwa kabla ya kupinduliwa. Wahubiri walimtaja kwenye mimbari hadi Kiserian: tazameni mtu aliyekiri. Aliletewa mbuzi wa pongezi. Nilihesabu, na kati ya watu wote waliohusika na orodha ile, mwenye kuipanga ndiye pekee aliyepata mbuzi.

Mimi niliambiwa ofisi inapata kompyuta, na haitahitaji taipisti. Kompyuta ilifika baada ya miaka miwili. Nilimsimulia mume wangu yote yaliyotokea, jioni tukila, na nilitegemea neno la faraja.

"Inavutia sana," Amolo akasema. "Yule wa Japani hakuwahi kukiri mbele ya watu namna hiyo. Angeulizwa na wajane, labda."

Niliolewa na mtu huyu kanisani, mbele ya mashahidi.

Nikapata kazi kwenye duka la kuchapisha na kutoa nakala pale Kitengela, na mambo ya Naserian nikayaacha kwa wenyewe, mpaka mwaka wa 2003 Kakenya alipokuja dukani kuniambia hatimiliki zimetoka na anataka mtu anayejua kusoma aende naye. Hakusema tafadhali. Nilifunga duka.

Ofisi ya ardhi Kajiado ilikuwa na benchi moja refu na dirisha moja dogo. Tulikaa. Mbele yetu walikuwa watu saba au wanane, na mwisho wa benchi, peke yake, Lesiamon, kofia mapajani. Alikuja kuchukua ya kwake. Tulisalimiana naye, akauliza habari za Melvin.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee ole Kasaine, ameshikwa kiwiko na Emmanuel, ambaye sasa alikuwa diwani na alikuwa amenenepa kidiwani. Benchi zima likasimama. Hata karani akatoa kichwa dirishani akasema, "Karibu, Mzee, pita hapa mbele." Nami nilisimama, miguu yenyewe ilisimama. Kakenya pia.

Lesiamon hakusimama.

Mzee alimwona. Akatoa mkono wake kwenye mkono wa Emmanuel, akaenda hadi mwisho wa benchi.

"Sopa, Lesiamon."

Lesiamon aliangalia kofia yake.

"Sopa," Mzee akarudia. Jibu la salamu hiyo ni neno moja dogo, mtoto wa miaka mitatu analijua. Halikuja.

"Papa, twende," Emmanuel akasema, akimwita baba kwa Kimaa na kutabasamu kwa watu wote. "Dirisha liko wazi."

Mzee hakwenda. Aliikunja miguu yake taratibu, akaketi kwenye benchi kando ya Lesiamon, wa mwisho kabisa kwenye foleni. Karani akarudisha kichwa ndani. Watu wakakaa, mmoja mmoja, bila kujua kama wanaruhusiwa. Emmanuel alibaki amesimama katikati ya chumba, akaangalia saa yake, akaangalia simu yake, akatoka nje.

Foleni ilisonga. Kakenya aliitwa. Nilimsomea jina kwenye karatasi, na lilikuwa limekosewa herufi moja. Karani akasema ni kitu kidogo, Kakenya akasema hata yeye hatoki hapo mpaka kitu kidogo kirekebishwe. Kilichukua saa nzima. Kwa muda huo wote wale wawili walikaa bega kwa bega, wakisogea pamoja kila benchi lilipopata nafasi, na sikusikia neno kati yao.

Tulipotoka nje niligeuka kuangalia mlango. "Unafikiri atamjibu?" nikamwuliza Kakenya.

"Si lazima," akasema. Aliikunja hatimiliki mara mbili, akaifunga kwenye pindo la shuka yake, akaniuliza ni wapi hapa Kajiado mtu anaweza kupata chai ya maziwa na chapati, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni.